Bahari Ikichafuka: Mwongozo Kamili kwa Mganda Anayepanda Meli ya Kitalii

Sisi tuliokulia karibu na Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, hatuhitaji kufundishwa kuogopa maji. Tunaikumbuka MV Bukoba, meli iliyozama Mei 1996. Tunaikumbuka MV Templar, boti ya starehe iliyozama upande wa Mukono Novemba 2018 na kuua zaidi ya watu 30. Na kila aliyewahi kupanda boti ya mbao kutoka Kasenyi kwenda visiwani anajua jinsi upepo unavyoweza kugeuza uso wa ziwa ghafla. Kwa hiyo mzazi akikatiwa tiketi ya meli ya kitalii na watoto wake walio ughaibuni, au maharusi wakichanga fedha za fungate ya baharini, swali la kwanza nyumbani huwa ni hilo hilo: bahari ikichafuka, itakuwaje?

Nataka nilijibu kikamilifu, kwa sababu woga tuliojifunza ziwani ni wa haki lakini hautufai sana kule. Ajali zetu nyingi zimetokana na kujaza watu kupita kiasi, chombo kibovu na ukosefu wa majaketi ya kuokolea maisha. Meli kubwa ya kitalii inayofuata sheria za kimataifa haizamishwi na mawimbi ya kawaida ya dhoruba. Kitakachokusumbua ni tumbo lako na miguu yako: kutapika na kuanguka. Vyote viwili vinazuilika, na kazi ya kuvizuia huanza Kampala, kabla hujalipa.

Kwanza, lielewe wimbi lenyewe

Ziwani upepo hauna nafasi ndefu ya kukimbia juu ya maji, kwa hiyo mawimbi huwa mafupi na yamesongamana. Wimbi linalopita kila baada ya sekunde 4 lina takriban mita 25 kutoka kilele kimoja hadi kingine. Boti ya mita 12 huingia ndani yake nzima, ikainuliwa, ikapigwa, na kabla haijakaa sawa linakuja jingine.

Baharini mambo ni tofauti. Dhoruba inaweza kuwa imevuma siku kadhaa zilizopita, maelfu ya kilomita kutoka ulipo, na mawimbi yake yakaendelea kusafiri hata chini ya anga jeupe lisilo na upepo. Wimbi la kila sekunde 10 lina urefu wa mita 156 hivi. La kila sekunde 14 lina mita 300 hivi. Sasa fikiria meli yenye urefu wa mita 300. Wimbi la sekunde 10 inalikalia migongo miwili kwa pamoja, na abiria wanaendelea na chai yao. La sekunde 14 linaweza kuiinua meli nzima na kuishusha polepole. Ndiyo maana kimo cha wimbi peke yake hakitoshi kukuambia siku itakuwaje. Ukisoma utabiri wa bahari, tafuta namba mbili: mita na sekunde.

Kuna jambo jingine kuhusu hizo mita. Kimo kinachotangazwa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi. Likitangazwa wimbi la mita 4, moja moja linaweza kufika mita 7 au 8. Usishtuke likipita moja lililozidi wenzake; lilikuwa ndani ya hesabu.

Meli huenda namna mbili kubwa. Kuna mrama, yaani kulala ubavu huu na ubavu ule, na kuna kupanda na kushuka kwa omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli. Meli za kisasa zina mapezi ya chuma yanayotokeza chini ya maji pande zote mbili, na mapezi hayo hupunguza mrama sana. Dhidi ya kupanda na kushuka kwa omo hayana msaada. Mawimbi yakija ubavuni utahisi kidogo. Yakija usoni, hakuna mtambo utakaokuokoa, ila mahali ulipo ndani ya meli.

Kabla ya kulipa: msimu, njia na chumba

Anza na kalenda. Kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki upepo wa kusi huvuma kwa nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti, na bahari huwa chafu. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni mtulivu zaidi, nao ndio wakati meli nyingi za kitalii zinapotia nanga Mombasa na Zanzibar. Ukishuka kusini hesabu inabadilika: vimbunga vya Bahari ya Hindi kusini-magharibi huja zaidi kati ya Novemba na Aprili, vikigusa Madagaska, Mauritius na Msumbiji, na hiyo ndiyo miezi ambayo meli huendesha safari kutoka Durban. Usikate tamaa kwa hilo. Meli ya kitalii huenda kilomita 35 au zaidi kwa saa, na vimbunga vingi husogea polepole kuliko hapo, kwa hiyo nahodha hukikwepa. Wewe utakachokiona ni ratiba kubadilika na mawimbi marefu yanayotoka mbali.

Karibi ina msimu wake wa vimbunga, kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, mkali zaidi Agosti hadi Oktoba. Mediterania hutulia kuanzia Mei hadi Septemba. Atlantiki ya Kaskazini wakati wa baridi, Ghuba ya Biscay kati ya Ufaransa na Hispania, na hasa Mlango wa Drake kati ya ncha ya Amerika Kusini na Antaktika, si mahali pa kujaribia tumbo kwa mara ya kwanza.

Kipande kimoja kinawashangaza watu: Durban hadi Cape Town. Pale mkondo wa Agulhas unakimbia kuelekea kusini-magharibi, na mawimbi makubwa kutoka bahari ya kusini yanakuja kukutana nao uso kwa uso. Mawimbi yakipigana na mkondo hufupika na kusimama wima. Kwa mtu wa mara ya kwanza ningechagua safari fupi ya kuelekea Msumbiji kabla ya kufikiria kuzunguka Rasi.

Halafu chumba. Hapa ndipo pesa yako inaponunua usingizi au mateso, na mara nyingi chumba kizuri kwa tumbo ndicho cha bei nafuu. Chagua katikati ya meli kwa urefu, na sitaha ya chini. Ncha za meli ndizo zinazopanda na kushuka sana, na sitaha za juu ndizo zinazoyumba zaidi. Wahenga walisema hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwenye suala la chumba, anza ngamani, chini ndani ya chombo, moja kwa moja. Wauzaji watakusifia chumba cha juu chenye roshani. Ni kizuri kweli bahari ikitulia. Kama unajijua una tumbo jepesi, nafuu dirisha dogo la chini linalokuonyesha upeo wa macho.

Unajijuaje? Barabara zetu zinakupa kipimo cha bure. Mtu anayetapika kwenye kona za Kabale kwenda Kisoro, au anayeomba kiti cha mbele kila akipanda Kapchorwa, ana uwezekano mkubwa wa kulewa bahari. Kivuko cha kutoka Nakiwogo hadi Lutoboka nacho ni jaribio zuri, kwa kuwa ni saa tatu na zaidi juu ya maji. Ila ukifika Kalangala salama usijipe cheti: wimbi la polepole la bahari huwakamata hata waliolizoea ziwa.

Mambo mawili ya karatasi, kwa haraka. Chukua bima ya safari inayolipia matibabu melini na kuondolewa melini kwa dharura, maana daktari wa meli hutoza kwa dola na bili huingia kwenye hesabu ya chumba chako. Na omba visa ya kuingia zaidi ya mara moja: ukitoka Durban, ukaenda Msumbiji, ukarudi Durban, umeingia Afrika Kusini mara mbili.

Dawa: huwekwa mwilini kabla ya wimbi

Kulewa bahari si udhaifu wa moyo. Sikio la ndani linahisi mwendo, macho yanaona kuta za chumba zimetulia, na ubongo ukishindwa kupatanisha habari hizo mbili unaleta jasho jembamba, miayo, mate kujaa mdomoni, kisha kigegezi. Ukishafika kwenye kutapika, kidonge hakikai tumboni. Kosa la wasafiri wengi ni kuiweka dawa mkobani mpaka waumwe.

Katika maduka ya dawa ya Uganda utapata zaidi promethazini, inayojulikana pia kwa jina Phenergan, na mara nyingi sinarizini, ambayo wengi wanaifahamu kama Stugeron. Nunua kwenye duka lenye leseni, na umweleze mfamasia dawa zako zote nyingine. Kwa kawaida mtu mzima humeza promethazini ya miligramu 25 usiku wa kuamkia safari. Sinarizini humezwa miligramu 30 muda wa saa mbili kabla, halafu miligramu 15 kila baada ya saa nane ikihitajika. Ipo pia plasta ya skopolamini, inayobandikwa nyuma ya sikio angalau saa nne kabla na kufanya kazi hadi siku tatu. Ukiigusa, nawa mikono kabla ya kugusa macho. Haiwafai wenye glakoma (presha ya macho) ya pembe nyembamba, na wanaume wenye shida ya kukojoa kwa sababu ya tezi dume wamuone daktari kwanza.

Dawa hizi huleta usingizi, na promethazini ndiyo yenye usingizi mzito. Ijaribu nyumbani jioni moja ambayo huna pa kwenda, uone inakufanya nini. Usiichanganye na pombe. Kwa jjajja wa miaka 70 nina wasiwasi nayo zaidi kuliko niliyo nao na bahari yenyewe: usingizi ukichanganyika na sakafu inayosogea, nyonga inavunjika. Mzee wa namna hiyo aamue na daktari wake, si na mjukuu. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe promethazini kabisa. Mjamzito amuone daktari kabla ya kukata tiketi, kwa kuwa kampuni nyingi za meli hazimpokei atakayefikisha wiki 24 kabla ya safari kwisha.

Tangawizi husaidia baadhi ya watu, na haidhuru ukiitafuna au kuinywa kwenye chai. Bangili za kubana kifundo cha mkono zina ushahidi dhaifu. Zivae ukipenda, lakini zisichukue nafasi ya kidonge.

Wanaotumia dawa za kila siku, za presha, sukari, kifafa au ARV, wamuulize daktari mapema wafanye nini wakitapika muda mfupi baada ya kumeza. Mwenye sukari anayejidunga insulini asiondoke bila jibu la swali hilo. Wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango wajue kuwa kidonge kilichotapikwa ndani ya saa tatu huhesabiwa kama hakijamezwa.

Kwenye mkoba wa mkononi, usio ule mkubwa utakaochukuliwa na wahudumu, weka dawa zote, pakiti kadhaa za ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini), biskuti kavu, viatu vya kufunga vyenye soli isiyoteleza, na kipimajoto. Sababu ya kipimajoto nitaifikia.

Siku ya kupanda

Kabla ya jambo lolote, nenda mahali pa kukusanyikia wakati wa dharura. Zoezi hilo ni la lazima kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka, na sheria iliimarishwa baada ya Costa Concordia kugonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia, Januari 13, 2012. Walikufa watu 32. Bahari usiku ule ilikuwa shwari. Ishara ya dharura ni milio saba mifupi ikifuatwa na mmoja mrefu. Hesabu milango kutoka chumbani kwako hadi ngazi, ili uweze kuifuata gizani. Vaa jaketi mara moja chumbani ujue kamba zake zinafungwaje, na hakikisha la mtoto ni la ukubwa wa mtoto.

Kisha panga chumba. Chupa na chaja zikae chini au kwenye droo. Kitu chochote kilicho juu ya meza kitakuwa sakafuni usiku wa manane.

Bahari ikishachafuka

Dalili ya kwanza huwa ni wahudumu. Wanafunga sitaha za nje, wanatoa maji kwenye bwawa la kuogelea, wanapachika mifuko ya kutapikia kwenye reli za ngazi na karibu na lifti. Nahodha au msaidizi wake atatangaza nguvu ya upepo, mara nyingi kwa kipimo cha Beaufort, kilichopangwa na ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, mwaka 1805, chenye ngazi 0 hadi 12. Ngazi ya 6 ni upepo wa kilomita 39 hadi 49 kwa saa na mawimbi ya mita 3 hivi. Meli kubwa hutikisika, na baadhi ya abiria huanza kupauka. Ngazi ya 8 ni kilomita 62 hadi 74 na mita 5 na nusu. Maonyesho ya jukwaani hufutwa na watu hutembea kwa kushika kuta. Ngazi ya 10, kilomita 89 hadi 102 na mita 9, ni hali ambayo nahodha hufanya kila awezalo kuikwepa.

Usiku ndio unaotisha, kwa sababu ya sauti. Kuta za chumba hulialia. Nguo kabatini hugongana. Mara kwa mara omo huinuka na kutua juu ya maji kwa kishindo kinachotetemesha kitanda, na aliye chumba cha mbele hudhani meli imegonga kitu. Kulialia huko ni vipande vya meli vinavyopeana nafasi ya kujipinda. Chombo kirefu namna hiyo kikikataa kujipinda kitavunjika. Upepo wa ubavuni nao unaweza kuilaza meli upande mmoja kwa muda mrefu. Mwinamo wa digrii chache tu mwili huuhisi kama mwingi.

Nisikufiche yaliyowahi kutokea. Machi 23, 2019, Viking Sky ilizimika injini katika dhoruba pwani ya Norway ikiwa na watu 1,373. Watu 479 walinyanyuliwa kwa helikopta mmoja mmoja, kabla ya meli kufika bandarini. Hakuna aliyekufa. Mwishoni mwa 2022, wimbi kubwa lilivunja madirisha ya Viking Polaris karibu na ncha ya Amerika Kusini na kumuua abiria mmoja. Matukio haya ni ya nadra, nayo yanafundisha kitu kimoja cha kufanya: ukiambiwa funga pazia la chuma la dirisha, kaa chumbani, ondoka sitaha hii, tii mara moja bila kuuliza.

Kutembea kuna adabu yake. Mkono mmoja uwe kwenye reli kila wakati, hata kama unaona aibu. Subiri meli itulie ndipo uvuke mahali pasipo pa kushika. Vidole visikae kwenye fremu ya mlango: milango ya melini ni mizito, na mrama ukiifunga, hukata. Panda ngazi ukitazama mbele, acha viatu virefu kabatini, na oga ukiwa umekaa au umeshika chuma cha bafuni. Mama asibebe mtoto mgongoni kwenye ngazi wakati huo. Mmoja akianguka, wameanguka wawili.

Kwa tumbo, nenda katikati ya meli, sitaha ya chini inayokuonyesha nje, utazame mstari ambapo maji yanakutana na anga. Acha simu na vitabu. Kama huwezi kukaa, lala chali, fumba macho, kichwa kisisogee. Usikae na njaa ukidhani tumbo tupu halitapiki, maana hutapika vibaya zaidi. Kula kidogo kidogo vitu vikavu na visivyo na mafuta: mkate, wali mweupe, viazi vya kuchemsha, ndizi mbivu. Vya kukaanga viache siku hiyo.

Ukitapika, usitapike peke yako kwa siku nzima

Baada ya kutapika, ngoja kidogo, kisha nywa ORS kwa kijiko au mikupuo midogo. Kama hakuna kinachokaa kwa saa nyingi, mkojo umekuwa mweusi au mtu anazubaa, nenda kwa daktari wa meli. Sindano ya kuzuia kutapika huleta nafuu haraka. Watu wengi huzoea ndani ya siku mbili au tatu.

Sasa kile kipimajoto. Kulewa bahari hakuleti homa. Sisi tunatoka kwenye nchi yenye malaria, nayo huanza kuonekana siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, yaani wakati ambapo mtu ameshaondoka Entebbe na yuko katikati ya maji. Kichwa kinauma, mwili unauma, anatapika, na kila mtu pale melini, pamoja naye mwenyewe, anasema ni mawimbi. Daktari wa meli huenda hajaona malaria kwa muda mrefu. Joto likifika 38, mwambie kwa maneno haya haya: "Natoka Uganda, naomba kipimo cha malaria." Usingoje bahari itulie ndipo uone kama homa itashuka.

Ukiharisha pia, toa taarifa. Hiyo huenda ni virusi vya tumbo, na melini huenea kwa kasi. Nawa mikono kwa sabuni na maji. Dawa ya kupaka mikononi haiviui vizuri.

Bandari ikirukwa

Mkataba wa tiketi humpa nahodha mamlaka ya kuruka bandari au kubadilisha njia kwa ajili ya hali ya hewa, na kwa kawaida utarudishiwa ushuru wa bandari tu. Safari za nchi kavu ulizolipia kupitia meli hurudishiwa. Ulizopanga mwenyewe na wakala wa mitaani, mara nyingi hapana. Kwa sababu hiyo hiyo, usikate tiketi ya ndege ya kurudi Entebbe kwa jioni ile ile meli inapotarajiwa kufika. Lala usiku mmoja bandarini.

Baada ya kushuka

Utasimama gatini na ardhi itayumba. Ukifumba macho bafuni utahisi mrama upya. Hali hiyo huisha kwa saa chache, au siku mbili. Ikipita mwezi, muone daktari wa masikio. Na kama ulimeza promethazini siku ya mwisho, ukitua Entebbe usishike usukani wa gari wala usipande bodaboda. Mwombe ndugu aje kukuchukua.